Dodgers wanasingiziwa, kinachoua besiboli ya miji midogo ni hela ya TV

Januari mwaka huu wa 2026 Dodgers wa Los Angeles walimsaini Kyle Tucker miaka 4 kwa dola milioni 240, na kelele zilizofuata kila shabiki wa besiboli alizisikia. Hawa jamaa wametoka kubeba World Series, yaani fainali ya ubingwa, mara mbili mfululizo, 2024 wakiwafunga Yankees na 2025 wakiwafunga Blue Jays wa Toronto, Desemba wakamchukua Edwin Díaz miaka 3 kwa milioni 69, halafu wanaongeza na huyu tena. Watu wakasema basi, ligi imeshanunuliwa, na ghafla mashabiki ambao mwaka mzima wanawalalamikia wamiliki wa timu zao kwa ubahili wakaanza kuwaombea wamiliki haohao washinde vita ya Desemba, ya mkataba mpya na wachezaji, ili kikomo cha mishahara kiwekwe, yaani kiwango cha juu ambacho klabu haitaruhusiwa kukipita. Hasira yao naielewa kabisa, ninaishi nayo, ila naona imeelekezwa pasipo. Usawa wa ligi hii haukuvunjwa na timu moja kulipa sana wachezaji wake. Umevunjwa na jinsi hela ya televisheni inavyokusanywa, kila klabu na shamba lake, na jinsi mmiliki anavyoruhusiwa kupokea mgawo kutoka kwa wenzie akakaa nao bila kuupeleka uwanjani. Kikomo cha mishahara hakigusi lolote kati ya hayo mawili, kinagusa mfuko wa mchezaji, na hela itakayobaki hakuna sheria inayosema irudi kwa shabiki wa Pittsburgh au wa Miami.

Kwa wanaoifuata ligi hii kwa mbali: MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ina klabu 30, kila moja inacheza mechi 162 kabla ya hatua ya mtoano, na hakuna kushuka daraja, hilo mlikumbuke maana nitalirudia. Kati ya ligi nne kubwa za Marekani (nyingine ni NFL ya futiboli ya Kimarekani, NBA ya kikapu na NHL ya hoki ya barafu) ndiyo pekee isiyo na kikomo cha mishahara. Ilicho nacho ni kodi ya anasa, yaani klabu ikipitisha kiwango fulani cha mishahara, ambacho 2025 kilikuwa dola milioni 241, inalipa kodi kwa kila dola iliyozidi, na ukirudia mwaka hadi mwaka asilimia inapanda. Dodgers msimu wa 2025 walipigwa kodi ya milioni 169 na ushee, haijawahi kutokea, na hiyo kodi peke yake inazidi mishahara ya mwaka mzima ya klabu kadhaa za ligi hiyohiyo. Yote haya yameandikwa kwenye mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na chama cha wachezaji, na mkataba huo unaisha Desemba 1, 2026. Wengi wanategemea wamiliki wafunge milango, yaani wawazuie wachezaji kazini mpaka wakubaliane, kama walivyofanya Desemba 2021, safari ile ilikaa imefungwa siku 99. Na mara ya mwisho suala la kikomo kukomaliwa kweli kweli ilikuwa 1994, wachezaji wakagoma Agosti 12, World Series ikafutwa, na mgomo haukuisha mpaka jaji Sonia Sotomayor, wakati huo bado yuko mahakama ya wilaya kule New York, alipotoa amri dhidi ya wamiliki mwishoni mwa Machi 1995. Waliolia zaidi ni Montreal Expos, klabu ya hela kidogo ambayo siku mgomo unaanza ilikuwa inaongoza ligi nzima kwa ushindi 74 na vipigo 40. Timu ile ilisambaratika, na kufika 2005 klabu ilikuwa imeshahamishiwa Washington. Kuna watu wanasema msimu ukipotea si mbaya ilimradi klabu ndogo zipate nafuu baadaye, naomba hao waanzie hapo kwa Expos.

Sasa hoja ya upande wa pili nisiipunje, kwa sababu ina uzito. Wanaotetea ligi ilivyo sasa hupenda kuhesabu mabingwa: kuanzia 2015 hadi 2025 kombe limeenda kwa klabu 8 tofauti, wakati Super Bowl, fainali za NFL, zilizochezwa miaka hiyohiyo 11 zimebebwa na klabu 6 tu, na NFL ina kikomo kigumu. Hesabu ni ya kweli, ila ukiitazama vizuri inaficha jambo. Royals wa Kansas City walibeba 2015, baada ya hapo fuata orodha: Chicago, Houston, Boston, Washington, Los Angeles, Atlanta, Houston tena, Dallas, Los Angeles, Los Angeles. Miaka 10 hakuna mji mdogo hata mmoja. Brewers wa Milwaukee, soko dogo kuliko yote kwenye ligi, wamefika mtoano mara 7 ndani ya misimu 8 kati ya 2018 na 2025, kazi nzuri mno, na bado World Series wameiona mara moja tu tangu klabu ianzishwe, 1982, wakafungwa. 2025 walimaliza na rekodi bora ya ligi nzima, ushindi 97, walikuwa wamewapiga Dodgers mechi zote 6 za msimu, halafu wakakutana nao kwenye mtoano wakachapwa 4-0, mechi ya mwisho Shohei Ohtani akipiga homurani 3 (mpira unaopigwa ukavuka uzio) huku yeye mwenyewe ndiye anayerusha mpira. Shabiki wa Milwaukee ukimwambia ligi ina usawa kwa sababu mabingwa ni 8 tofauti atakuona humheshimu. Na Dodgers wamefika mtoano kila mwaka kuanzia 2013 mpaka 2025, misimu 13 bila kukosa. Hela inanunua uhakika wa kuwepo Oktoba, mwezi wa mtoano, hilo silibishi na sioni mtu anayeweza kulibisha kwa haki.

Mimi naishi Pittsburgh, na pale ninapofanya kazi kuna mzee mmoja ambaye Pirates, timu ya besiboli ya hapa, wanabeba kombe lao la mwisho, 1979, yeye alikuwa bado sekondari. Hoja yake ni fupi na ndiyo niliyoisikia mara nyingi kuliko zote hapa mjini: Steelers wa NFL wana kikomo wamebeba, Penguins wa hoki wana kikomo wamebeba, Pirates hawana kikomo na hawana kombe, sasa mnataka ushahidi gani zaidi? Nilikaa na hilo swali muda mrefu kwa sababu kwa macho ya mtu wa Pittsburgh linaonekana limejibika. Mji ni uleule, watu ni walewale, viwanja haviko mbali, tofauti ni sheria. Lakini sheria zinazotofautiana ni nyingi kuliko hiyo moja, na iliyobeba mzigo sio ile anayoitaja mzee.

Angalieni NFL hela inaingiaje. Mikataba yote mikubwa ya televisheni inauzwa na ligi kwa pamoja, inagawanywa sawasawa kwa klabu 32, awe anatoka New York au Green Bay, mji wenye watu kama laki moja tu. Packers wa Green Bay ni mali ya wananchi wenyewe kwa hisa kwa hiyo mahesabu yao yanatangazwa kila mwaka, na mgawo wao kutoka ligini sasa hivi unazidi dola milioni 400. Kikomo cha mishahara cha NFL msimu wa 2025 kilikuwa dola milioni 279. Yaani kabla hawajauza tiketi hata moja, kabla hawajauza soda moja uwanjani, hundi ya ligi imeshalipa mishahara ya wachezaji wote na inabaki chenji ya zaidi ya milioni 100. Juu ya hapo kuna kima cha chini, klabu hairuhusiwi kukaa na hela, lazima itumie karibu yote inayoruhusiwa kwenye mishahara. Hapo ndipo Steelers wanapopata nguvu ya kusimama na Dallas. Ukiondoa kikomo leo NFL lakini ukaacha ule mgawo, Green Bay bado ataweza kushindana. Ukiacha kikomo ukaondoa mgawo, Green Bay anakufa ndani ya miaka michache, kwa sababu kikomo kinamzuia tajiri kupanda, hakimpi maskini cha kupandia.

Na kwamba kikomo kinazuia timu moja kutawala, hilo nalo halisimami. NHL walipoteza msimu mzima wa 2004-05 ili kikomo kiwekwe. Tangu hapo Penguins wamebeba 2016 na 2017 mfululizo, Tampa Bay 2020 na 2021 mfululizo, Florida 2024 na 2025 mfululizo. Kwenye NFL Chiefs walibeba Super Bowl ya 2023 na ya 2024. Besiboli, hii isiyo na kikomo, tangu Yankees wa 1998 hadi 2000 haikuwa imeona klabu inayorudia ubingwa mpaka hawa Dodgers, robo karne nzima. Sehemu ya sababu ni mchezo wenyewe. Kwenye kikapu nyota mmoja anagusa mpira kila shambulizi, ndio maana Oklahoma City Thunder msimu wa 2024-25 walishinda mechi 68 wakapoteza 14, asilimia 83. Kwenye besiboli timu bora ya 2025, hao Brewers, ilishinda asilimia 60 tu, mpigaji mkubwa kuliko wote duniani anasubiri zamu yake kama wengine 8, na mrushaji bora anapumzika siku 4 au 5 baada ya kila mechi. Mchezo wa namna hii bahati ina nafasi kubwa, hasa Oktoba mechi zikiwa chache. 2022 Dodgers walishinda mechi 111 wakatolewa na Padres, 2023 wakashinda 100 wakatolewa 3-0 na Arizona waliokuwa na ushindi 84. Mwaka 2023 sikumsikia mtu yeyote akisema Dodgers wameua besiboli, na hela yao ilikuwa ileile.

Turudi kwenye televisheni maana hapo ndipo penye jibu. MLB ina mikataba ya kitaifa na hiyo inagawanywa sawa, lakini mechi nyingi katika zile 162 zinauzwa na klabu yenyewe kwa chaneli ya mkoani kwake. Dodgers walisaini dili la miaka 25 kwa takriban dola bilioni 8.35 lililoanza 2014, gawanya mwenyewe utaona ni zaidi ya milioni 330 kwa mwaka, hela ya matangazo ya nyumbani tu, bado tiketi za watu zaidi ya milioni 4 walioingia uwanjani 2025. Klabu za kati na ndogo zilikuwa zinapata vipande vidogo vya mkate huohuo kutoka kwa makampuni ya kebo, na ule mkate ukaanza kuoza: watu wakaacha kebo, Diamond Sports Group iliyokuwa na haki za klabu nyingi ikaomba kinga ya kufilisika Machi 2023, na ilipofika Mei 2023 ligi yenyewe ikalazimika kuchukua matangazo ya Padres. Kwa hiyo pengo tunaloliona leo halikutokea kwa sababu Dodgers walizidi uchoyo au ujanja. Lilitokea kwa sababu upande mmoja una mkataba wa zamani mnono unaodumu miongo na upande mwingine chaneli zimekufa mikononi. Hakuna kikomo cha mishahara duniani kitakachomrudishia Milwaukee hela ya kebo.

Kuna mtu atasema mbona mgawo upo besiboli pia. Upo, na ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kila klabu inachangia asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani kwenye chungu kimoja kisha chungu kinagawanywa sawa kwa wote 30, kwa hiyo Dodgers kila mwaka wanatoa mlima na klabu ndogo zinapokea zaidi ya zilichotoa. Sawa, swali langu ni moja, ile hela ikifika inaenda wapi? Sheria inasema itumike kuboresha timu uwanjani, lakini hakuna kima cha chini cha mishahara kwa klabu, kwa hiyo "kuboresha" anaitafsiri mmiliki. Tumeona inavyokuwa pale shinikizo linapotokea: Athletics, waliohama Oakland baada ya msimu wa 2024 wakaenda kucheza kwenye uwanja mdogo wa West Sacramento wakisubiri Las Vegas, walimsaini Luis Severino miaka 3 kwa milioni 67, mkataba uliokuwa mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu mpaka wakati ule, na iliandikwa sana wakati ule kwamba walikuwa wanaogopa chama cha wachezaji kisiwashitaki kwa kula mgawo bila kuutumia. Hela ilikuwepo siku zote. Na hapa ndipo lile la kushuka daraja linaporudi. Kwenye soka mmiliki bahili anaadhibiwa na jedwali, akimaliza mkiani anashuka na thamani ya klabu inaporomoka, kwa hiyo hata mbahili analazimika kusajili Januari kwa hofu. Besiboli mmiliki anayemaliza mkiani anapokea mgawo uleule, hundi ya kitaifa ileile, anapata nafasi nzuri ya kuchagua vijana mwaka unaofuata, na thamani ya klabu inapanda tu. Kushindwa hakumgharimu kitu. Pirates hawajaonja mtoano tangu 2015, mpaka mwisho wa 2025 mkataba mkubwa kuliko wote waliowahi kutoa ulikuwa wa Bryan Reynolds, milioni 106.75 kwa miaka 8, na klabu imeendelea kuwa biashara. Gerrit Cole walimchukua wao kijana namba 1 mwaka 2011, Januari 2018 wakamuuza Houston, miaka 2 baadaye Yankees wakampa milioni 324. Kweli majira haya ya usajili Pirates wameanza kufungua pochi kidogo na napenda kuwapa haki yao, lakini kuifungua kwenyewe kunaonyesha kwamba haikuwa tupu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni hii ya kwamba ubingwa unanunulika moja kwa moja, na kinachonishangaza ni kwamba mifano ya kuivunja iko kila mahali. Mets wa New York walimpa Juan Soto milioni 765 kwa miaka 15, mkataba mkubwa kuliko wote michezoni, katikati ya Juni 2025 walikuwa na rekodi bora kuliko klabu zote, wakamaliza 83-79, sawasawa na Reds wa Cincinnati, na Reds ndio waliopita kwenda mtoano kwa sababu walikuwa wamewazidi walipokutana. Mwaka 2023 Mets haohao walikuwa na mishahara ya rekodi wakapoteza mechi 87. White Sox wako Chicago, soko la tatu kwa ukubwa nchini, 2024 walipoteza mechi 121, hakuna aliyewahi kupoteza nyingi hivyo zama hizi. Na mfano unaonimalizia mimi ni Angels. Wako palepale, soko lilelile la Los Angeles, wana Mike Trout kwa mkataba wa milioni 426.5, na Ohtani mwenyewe, huyuhuyu, walikuwa naye misimu 6 kuanzia 2018 hadi 2023, hawakumaliza hata msimu mmoja wakiwa wameshinda zaidi ya walivyopoteza. Mtoano mara ya mwisho 2014. Kama mji mkubwa na nyota wa bei mbaya ndio ubingwa, Angels wangekuwa na makombe 3. Dodgers wenyewe Juni 2011 waliomba kinga ya kufilisika, mji huohuo, watu haohao, jina hilohilo, kisha kundi la wawekezaji la Guggenheim likanunua 2012 kwa dola bilioni 2 hivi na mambo yakageuka. Walichokifanya tofauti sehemu yake ni hela na sehemu yake ni kazi. Max Muncy aliachwa na Oakland 2017, hakuna aliyemtaka. Will Smith wamemlea wenyewe tangu 2016. Mookie Betts walimpata Februari 2020 kwa sababu Boston, klabu tajiri kabisa, haikutaka kumlipa. Maskauti wao wanafika mpaka Uganda, 2022 walisaini vijana wawili kutoka huko, na kupeleka skauti Kampala hakuhitaji bilioni 8, klabu yoyote kati ya 30 inaweza.

Na ile fainali yenyewe ya 2025 iliyowafanya watu waseme ligi imekwisha, mechi ya 7 pale Toronto, Novemba 1, Blue Jays walibakiza kuwatoa wapigaji 2 tu kombe liwe lao. Aliyesawazisha awamu ya 9, ya mwisho kwa kawaida, kwa homurani ni Miguel Rojas, mzee wa miaka 36, mshahara wake milioni 5 kwa mwaka, mtu ambaye msimu mzima alikuwa amepiga homurani 7. Smith akamaliza awamu ya 11, ikawa 5-4. Blue Jays mwaka mmoja kabla walikuwa wa mwisho kwenye kundi lao. Nakubali nao si klabu ya hela ndogo, Vladimir Guerrero Jr. wamempa milioni 500, lakini watu waliokesha kuangalia ile mechi hawakuangalia ligi iliyokufa.

La malipo ya baadaye nalipitia haraka kwa sababu linapotoshwa kila siku. Ohtani alisaini milioni 700 kwa miaka 10, anachukua milioni 2 tu kila mwaka na milioni 680 zinalipwa kati ya 2034 na 2043, watu wanasema huo ni wizi wa kukwepa kodi. Kwenye hesabu ya kodi ya anasa mkataba wake unahesabiwa kama milioni 46 kwa mwaka, kwa sababu dola ya 2040 thamani yake leo ni ndogo, na klabu inatakiwa kuweka pembeni hela ya kufidia deni hilo, sio ahadi hewa. Nationals walifanya hivyohivyo kwa Max Scherzer 2015, nusu ya milioni 210 ikasogezwa mbele, na walipobeba kombe 2019 hakuna aliyelalamika. Kila klabu inaruhusiwa. La bei ya tiketi kwamba itashuka mishahara ikishuka nalo silielewi linatoka wapi, tiketi inauzwa kwa bei ambayo watu wako tayari kulipa, NFL ina kikomo na tiketi zake sio za mtu wa kawaida.

Haya, chama cha wachezaji nacho kina sehemu yake ya lawama na ningependa wanaokitetea wakubali. Agosti 2021 wamiliki walileta mezani pendekezo lenye kima cha chini cha dola milioni 100 kwa kila klabu, likiwa limefungwa pamoja na kushusha kizingiti cha kodi mpaka milioni 180, wakati huo kilikuwa 210. Wachezaji wakalikataa, na kwa ule mshusho naona walikuwa sahihi, lakini kwa miaka yote hii hawakuja na mpango wao wenyewe wa kima cha chini wakaupigania kama wanavyoupigania uhuru wa nyota kusaini popote. Wanaogopa kwamba ukikubali cha chini unakuwa umefungua mlango wa cha juu. Hofu naielewa, matokeo yake ndiyo siyakubali, kwa sababu mchezaji wa kawaida ndiye anayelipia. Sheria inamfunga kwa klabu yake misimu 6 kamili kabla hajawa huru, miaka ya mwanzo analipwa karibu na mshahara wa chini, ambao 2026 ni dola 780,000, na wengi wanatoka kwenye ligi kabla hata ya kuufikia uhuru huo.

Kwa hiyo Desemba ikifika na wamiliki wakaweka karatasi mezani, mimi nitaangalia vitu viwili kabla ya kusoma kile kikomo. Cha kwanza ni kama kima cha chini kipo na ni kikubwa kiasi gani, milioni 100 ya 2021 leo haitoshi kabisa. Cha pili, na ndicho kigumu, ni televisheni. Mikataba ya kitaifa ya sasa inaisha 2028, na ligi inataka kuanzia hapo iuze haki za nyumbani za klabu zote kwa pamoja kama NFL. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, lakini ili ifanyike Dodgers, Yankees, Red Sox na Cubs lazima wakubali kuweka mezani chaneli zao, na hiyo ni vita ya mmiliki na mmiliki, wachezaji hawamo. Naamini kabisa hii ndiyo sababu kikomo kinatangulizwa, ni rahisi kwa wamiliki 30 kukubaliana kuchukua kutoka kwa mchezaji kuliko 15 kuchukua kutoka kwa 5. Na ikiwa msimu wa 2027 utakatika kwa ajili ya kikomo, mjadala wa televisheni utafika 2028 ukiwa umechoka, watu wameshalipwa kwa njia nyingine, na haraka ya kuubadilisha mgawo itakuwa imeisha.

Pirates wana Paul Skenes. 2025 alichukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, kwa kura zote, aliruhusu wastani wa chini ya mikimbio 2 kwa mechi nzima, na rekodi yake ilikuwa ushindi 10 na vipigo 10 kwa sababu timu haikumfungia. Mshahara wake wa msimu ule, ukiacha bonasi, haukufika dola milioni 1. Hapa kazini yule mzee huhesabu siku zake za kurusha kwenye kalenda ya ukutani, akirusha nyumbani anaomba zamu ya asubuhi ili jioni awe uwanjani. Skenes atakuwa huru baada ya msimu wa 2029, na mkataba utakaosainiwa safari hii ndio utakaoamua kama klabu yake itakuwa na hela ya kumbakiza, na kama kuna kitakachoilazimisha kuitumia.